Jioni Tuliyopima Miguu Sinchon

Treni ya mstari wa 3 jijini Seoul, ukielekea kusini, huvuka Mto Han juu ya Daraja la Dongho, kati ya kituo cha Oksu na kile cha Apgujeong. Ng'ambo ya mto ndiyo Gangnam yenyewe, na miaka niliyoishi kule, ukishuka Apgujeong au Sinsa ulipokelewa na kuta zilizojaa matangazo ya upasuaji wa urembo. Kope, pua, taya, na miguu pia. Picha za miguu zilipigwa kwa nyuma, kutoka goti hadi kisigino, mbili mbili: kabla na baada. Katika ya kwanza shavu la mguu limejaa, linaonekana. Katika ya pili limepotea, mguu umenyooka tu mpaka chini.

Kwa macho ya kwetu Lushoto, ile ya kwanza ndiyo nzuri. Sisi ni watu wa milima. Tumekua tukipandisha ndoo za maji na kuteremka shuleni, na mwanamke mwenye miguu ya bia akipita sokoni husifiwa waziwazi. Anayetaniwa ni mwenye miguu ya njiti. Mama yangu alijivunia miguu yangu, akasema nimeichukua kwake. Kwa hiyo nilipofika Korea kwa ufadhili wa serikali yao, nikakuta wasichana wanapitisha chupa kwenye mashavu ya miguu kila usiku wakitumaini yapungue, nilishangaa sana.

Nilikuwa nimesoma fiziotherapia pale hospitali ya KCMC, Moshi, na kule nilikwenda kuongeza shahada. Nilipanga karibu na kituo cha Sinchon, chumba kimoja na mwanamke wa Kikorea aliyenizidi umri. Nilimwita Eonni, kama msichana anavyomwita dada yake mkubwa kule. Mtu aliyekutangulia kuzaliwa, hata kwa mwaka mmoja, humwiti kwa jina kavukavu. Yeye aliniita mdogo wangu. Aliuza vipodozi katika duka kubwa, kutwa amesimama, na ndoto yake ilikuwa kuwa mhudumu wa ndege. Sare za kazi ile mara nyingi zilikuwa sketi, na Eonni aliamini kwamba kila usaili aliokosa aliukosa kwa sababu ya miguu.

Majira ya baridi ya 2016 alirudi kutoka kliniki moja ya Gangnam na karatasi za rangi. Mshauri wa pale, ambaye si daktari, alimpima kwa futi, akamwambia asimame kwa kuchuchumia, akaminya ngozi kuona kama kilichojaa ni mafuta au msuli. Ulikuwa msuli. Mafuta yangefyonzwa, msuli una njia nyingine, naye akaandikiwa tatu: kuchomwa sindano ya kulegeza msuli, kuunguzwa msuli kwa mawimbi ya redio, au kukatwa neva inayoupa msuli ule amri. Daktari alimwona kwa dakika chache tu. Bei zilipangwa kutoka chini kwenda juu, na mshauri akamshauri achukue ya juu, kwa kuwa hiyo ni ya moja kwa moja.

Eonni alikuwa mtu makini. Hakutaka kuamua kwa karatasi. Akawaalika wanawake watatu aliowajua, kila mmoja na njia yake, waje waseme ilivyokuwa. Akaniomba na mimi nisitoke. "Wewe ndiye unayejua miguu," alisema.

Walikuja jioni ya theluji. Nyumba za kule hupashwa moto kwa chini ya sakafu, kwa hiyo tulikaa chini wote, viazi vitamu vya kuchoma katikati, suruali zimepandishwa hadi magotini. Nimekaa katika mikutano mingi ya wataalamu tangu wakati ule, ila sijawahi kusikia habari za mguu zikisemwa wazi kama usiku huo.

Wa kwanza alikuwa mfanyakazi mwenzake dukani. Yeye alichoma sindano, ile dawa inayojulikana kwa jina la Botox ingawa Korea wana chapa zao. Dawa hiyo huzuia neva isifikishe ujumbe kwenye msuli; msuli usiotumwa kazi hunywea. Alisema alitoka kliniki kwa miguu yake, akapanda treni, akarudi kazini. Kwa wiki mbili hivi hakuona kitu. Baadaye mguu ukapungua, na ngazi zikawa ndefu: alifika juu miguu imechoka, akashindwa kukimbilia basi. Miezi sita haikupita sana, msuli ukarudi. Akaenda tena, na tena. Alilalamikia pesa tu.

Wa pili alitoka Daegu, na sisi tukamwita hivyo hivyo, Dada wa Daegu. Yeye aliunguzwa. Sindano nene yenye umeme wa mawimbi hupenyezwa ndani ya msuli, joto linaua sehemu yake, mwili unaifyonza polepole. Kidonda ni tundu dogo, ndiyo maana hutangazwa kama jambo la mchana mmoja. "Mchana mmoja ni wao," alisema. "Mimi nilikaa wiki nyingi visigino vyangu vikiwa juu." Msuli uliounguzwa ulikaza na kufupika, visigino vikakataa kugusa chini. Kliniki ilimwambia avae viatu vya kisigino kirefu, kisha apunguze urefu kidogo kidogo huku akijinyoosha. Asubuhi, kabla msuli haujapata joto, alitambaa mpaka chooni.

Hapo nilishindwa kuendelea kula.

Kule Moshi, kazi yangu ya kila siku ilikuwa watoto wenye utindio wa ubongo. Wengi wao hutembea kwa kuchuchumia, kwa sababu ubongo hutuma amri zisizokoma na misuli ya shavu la mguu huvuta kisigino juu. Mama anakuja na mtoto kutoka Rombo au Same, amebadili magari, tunamfundisha namna ya kumnyoosha: shika kisigino kwa kiganja, laza mkono wako juu ya wayo, sukuma taratibu, hesabu, achia. Wengine tunawafunga hogo, yaani plasta ngumu, tunalibadilisha, tunaliongeza pembe kidogo kidogo, ili kisigino kishuke. Siku kisigino cha mtoto kikigusa sakafu mama hulia pale pale. Na sindano ile ile ya Gangnam ni dawa halali ya watoto hawa. Huchomwa kwenye msuli huu huu kuulegeza ili waweze kukanyaga. Kwetu haipatikani kirahisi na bei yake haishikiki. Sasa mbele yangu alikuwa mwanamke mzima, mwenye afya, aliyelipa na kupata kwa muda kile ambacho wale akina mama husafiri mbali kukiondoa.

Niliwaambia hivyo. Sikusema kwa kumshutumu Dada wa Daegu, naye hakuchukia. Alinyoosha mguu kwenye mapaja yangu, akaniambia nipapase. Upande wa ndani, chini kidogo ya katikati, palikuwa na bonde ambalo vidole vyangu viwili viliingia, na pembeni yake uvimbe mgumu wa kovu la ndani. Wa kushoto haukufanana na wa kulia. Usiku, alisema, misuli ilimbana mpaka akaamka akipiga kelele.

Wa tatu alikuwa binamu yake Eonni. Alikuwa mkimya, na miguu yake ndiyo iliyofanana na tangazo. Alikatwa neva. Daktari hupasua sentimita chache katika mkunjo wa nyuma ya goti, anatafuta tawi la neva liendalo kwenye kichwa cha ndani cha msuli, analigusa kwa umeme mdogo kuona kipi kinaruka, akishahakikisha analikata. Kovu lake nililitafuta kwa taa ya simu. Lilikuwa uzi mweupe ndani ya mkunjo. Alitembea siku ya pili. Msuli ulinywea kwa miezi kadhaa na haukurudi, kama alivyoahidiwa. Hakupata maumivu makali. Kwa kusikiliza tu, yeye ndiye aliyefaulu, na niliona Eonni ameanza kumtazama yeye peke yake.

Nikawaomba wasimame.

Kuna kipimo tunachotumia kazini ambacho hakihitaji kifaa chochote. Mtu husimama kwa mguu mmoja, goti limenyooka, vidole vya mkono vimegusa ukuta kwa ajili ya kutoyumba, kisha anachuchumia na kushuka, anachuchumia na kushuka. Mtu mzima mwenye afya hutarajiwa kufika takriban mara 25. Futi inasema upana. Kipimo hiki kinasema kazi.

Tulianza na Eonni mwenyewe. Wakahesabu kwa sauti, hana, dul, set, naye akapita 25 akiwa anaongea. Wa sindano, ambaye miezi yake ilikuwa inakaribia kuisha, alifika karibu. Dada wa Daegu aliweza upande wa kulia. Wa kushoto ulitetemeka mapema, akasimama. Binamu akaanza vizuri. Nilichuchumaa nyuma yake nione. Kila alipopanda, upande wa ndani wa mguu ulibaki bapa, haukushiriki kabisa, na upande wa nje ukajikusanya kuwa fundo kubwa kuliko la mguu wowote uliokuwemo chumbani. Chini yake msuli mpana wa ndani ulivimba pembeni. Yaani kazi haikuondoka, iligawiwa waliobaki. Alipofika kumi na kitu kisigino hakikupanda tena, ingawa uso wake ulionyesha bado anajaribu.

"Huwa nachoka kwenye ngazi," alisema. "Nilidhani ni umri." Hakuwa amefika miaka 30.

Eonni aliziokota zile karatasi za rangi, akazipitia moja moja, kisha akasema jambo ambalo mimi mwenyewe sikuwa nimeliona: katika picha zote hakuna mguu unaotembea. Wote wamesimama.

Nilimweleza ninachojua. Msuli huu ndio unaokurusha unapokimbia na kuruka, na pamoja na ule ulio chini yake husukuma damu irudi juu kila unapopiga hatua. Mtu anayesimama kutwa dukani anauhitaji kuliko mwingine. Sikumwambia asifanye. Kule mwonekano unakata ajira kweli, na sikuwa na haki ya kumfundisha avumilie kukataliwa. Nilimwambia nilichoamini, na ninakiamini mpaka leo: kama ni lazima, chagua ile inayoisha. Neva ikishakatwa hakuna miadi ya kurudisha. Na ukiwa mbele ya daktari usiulize sentimita ngapi zitapungua, uliza kisigino.

Baada ya hapo hakuna aliyerudi kwenye viazi. Dada wa Daegu alitaka kujua afanye nini na kubanwa usiku, nikamsimamisha ukutani, mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, kisigino cha nyuma kimekandamizwa chini, goti limenyooka. Halafu hivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo, maana misuli ni miwili na kila mmoja una mkao wake. Binamu akaja upande wa pili wa ukuta. Wakasukuma nyumba ya watu mpaka wakakaribia kuikosa treni ya mwisho.

Eonni alichoma sindano mwezi uliofuata, nami nilimsindikiza. Daktari alichora nukta kwa kalamu nyeupe, safu kwa safu, juu ya kichwa cha ndani cha msuli, akachoma, akaweka barafu, tukaondoka. Kabla ya hapo Eonni alimuuliza maswali yake yote, na daktari, lazima nimtendee haki, alikaa akayajibu vizuri. Inaonekana hakuwa ameulizwa mengi. Miguu ilipungua. Majira ya kuchipua tulipanda Bukhansan, kilele chake cha Baegundae kina mita 836, na Eonni, ambaye zamani alinitangulia, alikaa kwenye mawe mara nyingi akiisugua miguu. Hakufika juu. Kwenye mapumziko ya joto msuli ulianza kurudi, na kazi ya ndege aliikosa vilevile. Mwaka uliofuata alipata nafasi hotelini, Busan, sare ni suruali, na sindano hakurudia.

Dada wa Daegu alikuja kwangu karibu kila wiki hadi nilipoondoka. Bonde la mguuni lilibaki, lakini kubanwa usiku kulipungua mpaka akaanza kulala moja kwa moja hadi asubuhi. Binamu aliniuliza siku moja kama neva ile inaweza kuota tena. Nilimwambia kwamba hilo asilitegemee, kwa miaka iliyokuwa imepita, na nikampa mazoezi ya ule msuli wa chini, wa kukaa na kupandisha visigino huku mzigo ukiwa magotini. Alichukua mfuko wa mchele wa kilo kumi, akaanza siku hiyo hiyo.