Nilivyopanga namba za safari za shirika letu la ndege la kwenye kompyuta

Shirika letu halina ndege hata moja. Lina vijana wa Malindi, wachache wa Lamu na mmoja wa Kilifi, kila mtu na laptopu yake. Wengi wanarusha kwa FlightGear, programu ya kuigiza urushaji wa ndege, kwa sababu ni ya bure, na wenye mashine za nguvu wako kwenye programu nyingine, X-Plane. Nilipokabidhiwa ratiba nilikuta kila rubani anajipa namba anayoitaka: huyu 007, yule mwaka aliozaliwa. Safari ya asubuhi ya Malindi kwenda Wilson, uwanja wa Nairobi, ilibadilika namba kulingana na nani kaamka mapema, na ukifungua kumbukumbu hujui ipi ni ipi.

Niliangalia mashirika ya kweli yanafanyaje. Kenya Airways hutoka Nairobi kwenda London kwa KQ100 na kurudi kwa KQ101, yaani kwenda na kurudi ni jozi. Nikaiga hapo hapo: inayotoka Malindi ni shufwa, inayorudi ni witiri. Tarakimu ya kwanza inaonyesha upande: 1 Nairobi, 2 Lamu, 3 Mombasa na Ukunda, 4 Tanzania. Ndege inayohamishwa tupu inaanza na 9. Halafu niliruka kumi kumi, 110, 120, 130, ili safari ikiongezwa katikati isituvurugie mpango mzima.

Mwenzetu mmoja alitaka namba ibebe pia aina ya ndege na siku ya wiki. Nilikataa. Kitambulisho cha redioni hakizidi herufi na tarakimu saba, na tatu tayari ni herufi za shirika, kwa hiyo zinabaki nne tu. Na hata nafasi ingekuwepo, siku Caravan ikibadilishwa na Dash 8, namba inakuwa ya uongo. Namba mbili zinazofanana kwa sauti, kama 112 na 122, siziweki saa moja. Anayeongoza ndege redioni atazichanganya tu. Vilevile 431 na 507 hatuzitumii kabisa, kwa heshima ya waliofariki katika safari za Kenya Airways za Abidjan mwaka 2000 na Douala mwaka 2007. Malaysia Airlines nao waliiondoa MH370 mwaka 2014, wakaweka MH318 mahali pake.

Kazi iliyonichosha ni kuwatenganishia watu namba ya safari na kiwango cha kuruka, yaani kimo cha ndege angani. Kanuni ya viwango haijui Malindi wala jozi, inaangalia dira. Ukielekea upande wa mashariki, nyuzi 000 hadi 179, unaruka kiwango cha witiri. Magharibi, 180 hadi 359, cha shufwa. Kwenda Nairobi mambo yanalingana kwa bahati: namba shufwa, kiwango FL100, yaani futi elfu kumi. Kwenda Lamu, kaskazini mashariki, hayalingani.

"Bro, si ulisema kutoka Malindi ni shufwa?" kijana wa Lamu aliniuliza, keshajaza FL080 kwenye mpango wake.

"Hiyo ni namba ya safari. Dira yako inasema ngapi?"

"Kama arobaini hivi."

"Basi weka 070 au 090."

Mipango yenyewe tunaitoa SimBrief, tovuti ya kupanga safari za ndege, kisha tunaikagua kwa macho. Lamu lazima iwe na uwanja wa akiba, na kwetu ni Malindi. Juu ya mafuta ya kufika huko unaongeza ya kuzunguka hewani nusu saa.

Saa nazo zilikuwa mtihani, maana mipango inataka saa za Zulu, yaani saa za UTC. Wengi walikuwa wanageuza mara mbili: saa ya Kiswahili kwenda ya kizungu, kisha wanatoa tatu. Nikawaambia mchana ongeza tatu tu kwenye saa ya Kiswahili. Saa mbili asubuhi ni 0500, saa kumi jioni ni 1300. Usiku ongeza kumi na tano: saa moja usiku ni 1600. Kumbuka tu kwamba tarehe ya Zulu inageuka saa tisa usiku kwetu, na wapenda kukesha ndipo wanapoteleza.

Palipobaki na ubishi ni mzunguko wa Malindi, Lamu, Wilson, Malindi. Upi ni wa kwenda, upi wa kurudi? Niliupa namba moja, 210, kila mruko na herufi yake: 210A, 210B, 210C. Ukijumlisha na herufi za shirika ni saba kamili. Wa Lamu bado wananung'unika kwamba kila kitu kinahesabiwa kuanzia Malindi. Nimewaambia wakimpata wa kupanga ratiba kwao, kituo kikuu ni chao.