Katikati huwa hamna

Jumapili kuanzia saa kumi na mbili kasoro jioni usinipigie simu. Kama kuna msiba tuma meseji, ntaiona baadae. Muda huo kule Tokyo wanakaribia saa sita usiku, Jumatatu yao inaingia, na sura mpya ya One Piece, ile hadithi ya katuni za Kijapani, manga wanaziita, inafunguka kwenye simu za watu dunia nzima kwa mpigo, huku kwetu Dar ndo kwanza watu wanasubiri adhana ya magharibi. Kurasa kumi na saba hivi. Nazimaliza dakika tano, halafu narudia, safari hii taratibu, naangalia vitu vilivyochorwa nyuma ya wahusika maana yule mchoraji wake, bwana Oda, ana tabia ya kuficha vitu pembeni. Kuna wiki anapumzika na mi huwa nasahau, nimekaa na bando langu kama mtu aliyevaa suti akaambiwa harusi imeahirishwa.

Mama watoto ananiuliza wewe mtu mzima na hayo makatuni vipi. Sina jibu la maana ila asili yake naijua, ni kinyozi.

Miaka ya tisini mtaani kwetu Temeke kinyozi alikuwa na benchi moja na chini ya benchi boksi la magazeti, na ndani ya lile boksi kulikuwa na Sani. Kama umekulia Tanzania miaka hiyo sina haja ya kukueleza, ila kwa madogo, Sani lilikuwa gazeti la katuni, jina lenyewe limetokana na waanzilishi wake wawili, Sa ya Saidi na Ni ya Nicco, na humo ndo walikuwa wanaishi kina Ndumilakuwili, Lodi Lofa, Kipepe, Pimbi na Madenge. Watu wa mjini kabisa. Njaa, ujanja ujanja, madeni, fumanizi. Hakuna aliyekuwa anaruka angani, Lodi Lofa hata nauli hana aruke na nini. Na majina yao yakahamia mtaani, darasani kwetu kila mfupi alikuwa Pimbi na mtundu Madenge, mi mwenyewe nimeitwa Kipepe mpaka darasa la sita na sitaki kusema kwa nini.

Nilikuwa nafika pale, shikamoo anko, marahaba mjomba kaa hapo, na mi nikikaa naomba foleni iwe ndefu. Watoto wengine walikuwa wanaogopa mashine, mi nilikuwa namwambia mtu mzima aliyefika nyuma yangu "pita tu wewe, mi sina haraka." Nyumbani wakajua nina adabu sana.

Tatizo lilikuwa moja. Lile boksi hakuna toleo lililokuwa zima. Hadithi inaanza vizuri, imekolea, unafungua ukurasa wa pili hamna, umechanwa, yule mama wa karanga wa jirani alikuwa anaomba karatasi za kufungia. Ukibahatika unapata mwisho kwenye toleo jingine, watu wameshapigana, wameshapatana, na wewe hujui nani alianza. Siku moja nimenunua karanga za shilingi kumi, nafungua ile koni naona Ndumilakuwili kakaa pale ndani kakunjwa, ni ule ukurasa niliokuwa nautafuta wiki nzima! Au nusu yake. Mafuta yalikuwa yameshakula maneno yote, imebaki picha, mtu kanyoosha kidole anamlaumu mtu ambaye yuko kwenye koni ya mteja mwingine.

Hapo katikati nikawa najaza mwenyewe. Ikawa mazoea.

Halafu kuna kitu nimekuja kukijua ukubwani kikanikaa sana. Mchoraji aliyewabuni wengi wa wale wahusika, Philip Ndunguru, alifariki 1986, akiwa bado kijana kabisa. Kwa hiyo niliokuwa nawasoma mimi pale kwa kinyozi walikuwa wameshapokelewa na mikono mingine. Kumbe ndo maana nilikuwa naona mtu yule yule lakini sio yule yule, mstari umebadilika, na mi nadhani macho yangu. Yeye mwenyewe ndo alikuwa ukurasa uliochanwa, wenzake wakajaza.

Turudi kwa Wajapani. 2019 mwanzoni ile programu ya kusomea manga kwenye simu, Manga Plus, inatoka nikaishusha siku hiyo hiyo nikijua sasa nimeukata. Nafungua, enzi hizo ulikuwa unapewa bure sura tatu za mwanzo na tatu za mwisho. Hadithi imeanza 1997, ina sura mia tisa na kitu wakati huo, nami nina sita! Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda akanigeukia. Boksi la kinyozi limenifuata mpaka kwenye simu.

Kusoma kulia kwenda kushoto wala hakukunisumbua. Watu mitandaoni wanalalamika wanasema manga inachanganya, kitabu kinaanzia nyuma, mi nimesoma juzuu za Kurani chuoni nina miaka mitano, nyuma ipi? Naona kama nyumbani tu.

Sasa nina mpwa wangu, dogo wa miaka tisa, siku hizi naye Jumapili anakuja. Kiingereza chake bado cha kuungaunga kwa hiyo namsomea. Juzi akaona sura ya kwanza, stelingi wake Luffy bado mtoto na kofia yake kama ya ukili, kisha nikaruka kumwonyesha ya wiki hii, meli, majitu, kelele tupu.

"Mjomba, hapa katikati ilikuwaje?"

Nikakohoa. Nikashusha sauti nikaipeleka ile ya vibanda umiza vya video, ya Lufufu akitafsiri mkanda wa Kichina ambao nusu yake anaitunga palepale, nikamwambia sasa bwana, stelingi alivyotoka pale bandarini njaa inamuuma hana hata mia, akakutana na mjanja mmoja mjini, mrefu, maneno mengi, huku anasema hivi na kule anasema vile...

"Mjomba."

"Nini tena?"

"Huyo si Ndumilakuwili? Yule uliyenihadithia kwa bibi?"

Nikamwambia nyamaza usikilize, hii ni safari ndefu, watu wanakutana baharini.