Basi nahodha anashika nini?

Maneno manne ya Baba yananizunguka kichwani tangu Jumapili jioni. Nayasikia nikifungua kabureta, nayasikia nikiosha mikono kwa mafuta ya taa, na usiku wa kuamkia leo nimeyasikia tena, nikageukia ukutani, hayakuniacha.

Ilikuwa hivi. Mpwa wangu (yule wa Dunedin, mnamjua, aliyelalamikia baridi mwezi wa saba) alituma video. Yeye na wenzake wa chuo wamekwenda Queenstown, wakapanda boti ya jeti kwenye mto Shotover. Video yenyewe fupi: kuta za mawe kushoto na kulia, maji meupe, boti inapita ubavuni mwa jabali mpaka wewe uliyekaa Wete, Pemba, unarudisha bega nyuma, halafu inazunguka duara zima na watu wanapiga mayowe. Baba aliishika simu kwa mikono miwili pale barazani, akaitazama mara tatu.

"Usukani wake uko wapi?"

"Haina, Baba."

"Haina?"

"Haina usukani, wala rafadha (propela)."

Akanirudishia simu. "Basi nahodha anashika nini?"

Magharibi ilikuwa inaadhiniwa. Akachukua bakora yake akaenda msikitini, na mimi nikabaki na simu mkononi. Sikumjibu. Mzee aliyeshika kana, mpini wa usukani, ya mashua za karafuu kutoka Wete mpaka Tanga aniulize swali la ubaharia, nami ninayekula kwa mashine za boti nimpe "haina", kama ninavyomjibu mteja anayetafuta plagi dukani. Tena hakuwa akiulizia boti tu. Mjukuu wake alikuwamo ndani.

Jibu lenyewe ni refu. Naliandika hapa kwa kuwa pale barazani halikutoka.

Chini ya chombo, karibu na tezi (sehemu ya nyuma), pana tundu lililowekewa fito za chuma. Maji yanaingia hapo. Injini inazungusha impela, yaani panga fupi na pana zilizofungiwa ndani ya bomba, na zimekaribiana na ukuta wa bomba kiasi kwamba nafasi iliyobaki ni sehemu ya milimita tu. Maji yakitoka kwenye impela yanakuwa yamejisokota, na maji yaliyojisokota yanapoteza nguvu bure, kwa hiyo yanapitishwa kwenye mapezi yasiyozunguka yanayoyanyoosha. Kisha yanabanwa kwenye mdomo mwembamba, nozeli, na kurushwa nyuma juu ya usawa wa maji kama mpira wa zimamoto. Chukua mfano wa lita 200 kila sekunde zinazotoka kwa kasi ya mita 30 kwa sekunde, na boti inakwenda mita 15. Tofauti ni 15, zidisha kwa kilo 200, unapata nyutoni 3,000. Ni sawa na kusukumwa na uzito wa kilo 300 na ushei, bila ya kuacha.

Nyuma ya nozeli pana kidomo kinachogeuka kushoto na kulia. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta Baba. Ukiyapeleka maji kushoto, tezi inasukumwa kulia na omo (sehemu ya mbele) inakwenda kushoto. Kurudi nyuma hakuna gia: bakuli la chuma linateremshwa mbele ya mdomo, maji yanageuzwa kuelekea omo, na injini inaendelea kuzunguka upande uleule. Bakuli likiwa katikati, mashine inanguruma na chombo kimesimama pale pale.

Sasa hapa ndipo "haina" yangu ilipokuwa mbaya. Ni kweli usukani, ule ubao wa tezini, haina, lakini nimeliacha lile lililo zito kuliko yote: inageuka kwa maji inayoyatoa, na isipoyatoa haigeuki. Dereva akiingiwa na hofu mbele ya jabali akaachia mafuta, anaweza kuzungusha gurudumu lililo mbele yake mpaka likome, chombo kitakwenda moja kwa moja kwenye jabali. Pikipiki za maji za pale Nungwi ni hivyo hivyo, mashine yao ni hii hii kwa udogo. Mgeni akiona ngalawa mbele anaachia mkono kwa woga, na ule mkono aliouachia ndio uliokuwa umuokoe. Anayefundishwa chombo cha namna hii lazima afundishwe kwanza kutia mafuta kidogo wakati moyo unamwambia azime. Mengine yote yaje baadaye.

Aliyeifanya boti hii ikafaa ni William Hamilton, mfugaji na mhandisi wa Irishman Creek huko huko Nyuzilandi, miaka ya 1950. Mito ya kwao ni mipana, maji machache juu ya changarawe, na rafadha ya kawaida inavunjika mara moja. Mwanzo aliyatoa maji chini ya chombo, kasi ikawa ndogo. Alipouinua mdomo ukatoa juu ya usawa wa maji, mambo yakabadilika. Wala hakudai kuwa ndiye aliyevumbua. Alisema heshima hiyo ni ya Archimedes. Mwaka 1960 boti hizi zilipanda mto Colorado ndani ya Grand Canyon, kinyume cha maji. Mwaka 1977 Edmund Hillary akapanda nazo mto Ganges kutoka baharini, mpaka maporomoko ya karibu na Nandaprayag yalipomzuia.

Jambo jengine ambalo Baba angelikataa kwanza na kulikubali baadaye ni kina. Sisi maji yakipwa juu ya mwamba tunapunguza mwendo, tunainua mashine, tunashika pondo. Mtoni ni kinyume. Boti ya jeti ikiwa na kasi inateleza juu ya maji na inatosheka na sentimita 10 hivi. Ikipunguza inakaa, kitako kinashuka, na pale pale ilipokuwa ikipita bila ya kugusa inapanda changarawe. Aliyekwisha kuingia kwenye maji haba hana ruhusa ya kubadili mawazo. Kwa hiyo uamuzi wote unafanywa kabla, kwa macho, mbali.

Na macho yanasoma nini? Ulimi laini wa maji wenye umbo la V, ncha yake ikielekea chini mtoni, ni mlango: maji yanabanwa baina ya mawe mawili na kupita katikati. V ambayo ncha yake inaelekea juu ni jiwe lenyewe linaloyapasua maji. Nundu laini, inayong'aa, isiyo na povu, ndiyo ya kuogopa zaidi, kwani jiwe limo chini yake na limefunikwa kidogo tu. Kwenye kona maji mazito yako upande wa nje, na ndani ya kona pana fungu la changarawe. Povu jeupe linapendeza kwenye video lakini dereva halipendi: ni maji yaliyochanganyika na hewa, na impela ikimeza hewa inazunguka bure. Mlio unapanda, msukumo unakatika, na kugeuka nako kumekatika. Dereva mzuri anaingia kwenye povu akiwa amekwisha kuinyoosha boti, ili hata msukumo ukipungua kwa sekunde moja iwe inaelekea anakotaka. Huko sasa ni majira ya theluji kuyeyuka milimani, mito inajaa, na changarawe inahama. Mlango wa wiki iliyopita huenda wiki hii ni fungu.

Lile duara lililompa Baba wasiwasi lina ufundi wake. Dereva anainua mkono na kuzungusha kidole hewani, ndiyo onyo. Anakata gurudumu na kupunguza mafuta ghafla. Omo inazama kidogo na kuyashika maji, tezi inakuwa nyepesi na kuteleza, kisha anatia mafuta tena ili amalizie na asibaki ubavu ubavu. Abiria kazi yake ni kushika chuma kwa mikono miwili, kukandamiza miguu sakafuni na kuegemeza mgongo. Mkono usitoke nje, miwani ifungwe kamba, jaketi la kuokolea libane kifuani mpaka likivutwa mabegani lisipande. Wajawazito na wenye maradhi ya mgongo wabaki ukingoni wapige picha. Chombo kikiruka na kutua kwenye maji, pigo linapanda kwenye uti, na aliyejikunja vibaya anaumia hata kama boti haikugusa kitu.

Yanayoharibika nayajua kwa majina. Tawi au majani yakiziba fito, injini inalia sana na boti haiendi. Zima, ufunguo tia mfukoni mwako (usiuache kwenye swichi, hata ukiwa peke yako), fungua kifuniko kilicho juu ya njia ya maji, toa uchafu kwa mkono, funga sawasawa, ndipo uwashe. Vijiwe vidogo vinapita baina ya fito na kuzila ncha za panga. Nafasi ikiongezeka maji yanarudi nyuma ndani ya bomba, dalili ni zile zile za kelele nyingi na mwendo mdogo, ila safari hii hakuna cha kutoa, ni kubadilisha mkanda wa ndani ya bomba au kuitengeneza impela upya. Wanaoniuliza kama tuagize moja ije Wete nawajibu hapana, na nitaendelea kuwajibu hapana. Hapa itameza mwani, nailoni za nyavu na mifuko. Chaza wataota ndani ya bomba ikikaa majini. Chumvi itaila isipooshwa kwa maji yasiyo na chumvi kila jioni na zinki (vipande vinavyoliwa badala ya chombo) zisipobadilishwa. Na ukiipakia magunia ukaenda nayo polepole, inakunywa mafuta kuliko rafadha. Imezaliwa kwa mto wenye mawe na ikae huko.

Wiki imekwenda mbio, mdogo wetu kajifungua mtoto wa kike Jumatano, wote wazima alhamdulillahi, na mashine ya wale wa Mtambwe imewaka. Katikati ya yote hayo nilikuwa bado natafuta namna ya kumrudia Baba bila ya kuonekana namfundisha.

Alkhamisi baada ya Alasiri nilimpelekea kahawa. Nikamwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo. Alianza yeye.

"Unapajua Mlango wa Njao, bamvua likipwa?"

"Napajua, Baba."

"Upepo ukikatika mle ndani, chombo kinakwenda sawasawa na mkondo. Kana unaivuta hivi, unaivuta hivi, ni kama mkono wa maiti. Usukani upo na haufanyi kazi."

"Mlikuwa mkifanya nini?"

"Makasia. Mpaka chombo kiyapite maji, usukani upate cha kushika."

Nilihisi kitu kifuani, sijui nikiite nini. Siku nne nilikuwa nikizitafuta bomba na nozeli za kumueleza, na yeye alikuwa na jibu tangu kabla sijazaliwa. Usukani wa mti na kile kidomo cha jeti vinataka kitu kimoja: maji yanayopita.

"Baba, na ile boti ni hivyo hivyo. Ila yenyewe haingoji maji yaipite. Inayapitisha tumboni mwake, na nahodha anayashika yakitoka."

Alikunywa funda moja, akakitia kikombe chini.

"Na akizima?"

"Haigeuki."

"Basi mwambie asizime."

Nikamwambia mjukuu wake ni abiria tu, hagusi kitu.

"Amwambie nahodha wao."

Nimetuma ujumbe wa sauti vile vile alivyosema, sikupunguza neno. Kule ilikuwa usiku wa manane, wametupita saa kumi. Jibu limefika leo alfajiri: keshokutwa wanarudi tena mtoni, na atamwambia. Nimemsikilizisha Baba mara mbili, mara ya pili aliniomba mwenyewe.

Sasa hivi ninaloliangalia ni wingu. Limesimama upande wa Fundo tangu saa nane, na karafuu tumezianika tangu Jumanne, zimeshaanza kuwa nyekundu lakini kikonyo bado hakivunjiki kikavu, zinataka jua la siku mbili nyengine. Zikirowa leo zitapauka na daraja litashuka. Mikeka iko sita, watu tuliopo nyumbani ni watatu, na turubali kubwa liko kwa mdogo wetu, tulilipeleka Jumatano kuzibia paa la chumba cha mtoto.