Tarehe 19 Agosti, kamera na misaada siku moja

Kila ikifika 19 Agosti status za watu zinajaa picha za machweo na kamera, Siku ya Upigaji Picha Duniani, na mimi kama mpiga picha nafurahi sana, ila wachache wanajua kwamba tarehe hiyohiyo ni Siku ya Kibinadamu Duniani, siku ya kuwakumbuka wanaotoa misaada na wale waliokufa wakiitoa, na kwa kweli mi siwezi kuzitenganisha.

Ya picha ni ya 1839. Serikali ya Ufaransa iliwapa pensheni Daguerre, aliyebuni njia ya mwanzo ya kupiga picha, na mtoto wa marehemu Niépce, mwenzake kwenye ugunduzi huo, halafu tarehe 19 Agosti ufundi wao ukaanikwa hadharani Paris ili watu wautumie. Ya pili ni ya majonzi, mwaka 2003 lori la mabomu lililipua ofisi za Umoja wa Mataifa pale Canal Hotel, Baghdad, wakafa watu 22 akiwemo Sérgio Vieira de Mello, Mbrazili aliyekuwa mjumbe maalumu wa Umoja huo Iraq.

Lakini mtu anayeniunganishia hizi siku mbili ni wa hukuhuku kwetu, mpiga picha Mohamed Amin. Kazaliwa Nairobi, kakulia Dar, na kampuni yake ya picha, Camerapix, aliianzishia Dar hapahapa. Oktoba 1984 alifika Korem kule Ethiopia na mwandishi Michael Buerk wa BBC, akakuta maelfu ya watu wamekaa chini kwenye baridi ya asubuhi, wamejifunika mashuka, njaa imewamaliza, akawapiga picha bila haraka, kamera inapita uso kwa uso, na zile picha zilivyorushwa dunia nzima ikashtuka, misaada ikaanza kumiminika, Julai 1985 likaja Live Aid, lile tamasha la muziki la kuchangia waathirika wa njaa. Yani kamera ya mtu mmoja ilifanya kilichoshindikana kwa ripoti na mikutano. Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini, mkono wa kushoto ukaenda, akarudi kazini na mkono wa bandia mpaka alipofariki 1996 kwenye ile ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka Komoro. Kwenye ule mlipuko alikufa fundi sauti wake, John Mathai. Amin tunamjua, Mathai je?

Hapo ndo panaponiuma. Picha inaleta unga na mahema, ila waliomo ndani ya picha wanabaki hawana majina.

Kuna mwaka wa mafuriko nilikuwepo kwenye ugawaji wa misaada, mama mmoja ana mtoto mgongoni, kanga imelowa mpaka kiunoni, amepewa mfuko wa unga anataka kuondoka zake, akaitwa arudi, ashike mfuko vizuri nembo ionekane, asogee karibu na bango, atabasamu, hakutabasamu wakamrudisha tena, na mtoto analia muda wote. Hakuna aliyemuuliza anaitwa nani. Hiyo mi siiti kumbukumbu ya msaada, ni kumlipisha mtu unga kwa sura yake.

Wapiga picha wenzangu mnaoitwa kwenye hizi kazi, nawaomba jamani, muulizeni mtu jina kabla hamjanyanyua kamera, mwelezeni picha inaenda wapi, mwonyesheni kwenye skrini, akisema futa basi ifutwe, hata kama ndo picha kali kuliko zote za siku hiyo. Na tugeuze kamera upande wa pili pia, kwa dereva anayelala kwenye lori barabara ikikatika, vijana wanaoshusha magunia, yule dada anayewapima watoto uzito kuanzia asubuhi, kwa sababu wanaouawa wakitoa misaada wengi ni wenyeji wa nchi hiyohiyo na sio wageni, na ukifungua ripoti zenye picha nzuri nzuri hao ndo huwaoni.