Alama ya ng’ombe
Jamani jana tumekesha hapa Mwanga, Kigoma, kisa kialama kimoja tu. Naongoza vijana wanne, tunatengeneza mfumo wa SMS ambao madevelopa wanauunganisha kwenye programu zao, na siku hizi AI ndo inaandika majibu ya wateja kwa Kiswahili. Bili ikapanda ghafla, tukapekua logi zote, yaani kumbukumbu za mfumo, wapi! Kumbe AI ikiandika ng’ombe inaweka ile alama iliyopinda (’) badala ya iliyonyooka ('), na iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS, basi nafasi ya SMS moja inashuka toka herufi 160 mpaka 70, meseji ya herufi 120 inakatwa vipande viwili na vyote vinalipiwa. Sasa tunainyoosha kabla meseji haijatoka kwenye seva. Aliyeigundua ni binti mgeni kabisa kazini, nimefurahi mnooo, mchana nawapeleka wote Kibirizi tukale migebuka.