Kifaranga wa peke yake: siku ya 41, ameelewa

Leo jioni mwewe alipita juu ya ua wetu hapa Nkuhungu. Jogoo akapiga ule ukelele wake mrefu, na Peke, kifaranga wangu, akajitosa chini ya mkokoteni pamoja na wenzake. Siku 41 nimeisubiri mbio ile!

Mnaofuatilia mnakumbuka: umeme ulikatika usiku wa siku ya 18 ya kutotolesha, mayai 30 yakabaki moja, ndilo lililomtoa Peke. Nilimwekea kioo ajione kama ana mwenzake. Siku mbili alilala amekiegemea, kisha "pii! pii!" ikarudi, kali, haikomi mpaka nitie mkono kwenye boksi. (Balbu sitaitegemea tena. Chungu cha mkaa uliofukiwa majivu kinafika alfajiri, mradi hewa ipite.)

Kelele nilizizoea. Kilichonitesa ni siku nilipomtoa nje, wiki ya tatu. Koo anawaita vifaranga kwenye chakula, wote wanakimbia. Peke kasimama anatazama kiatu changu. Tetea mmoja akamtunishia manyoya, yeye hata hakurudi nyuma. Alidonolewa utosini hadi damu. Usiku ule sikulala, maana upweke ule nilimpa mimi.

Nilipanga kurekodi sauti ya koo kwenye simu nimsikilizishe kutwa. Sikufika huko, kwa sababu nilirudia kusoma habari za Harlow, mtafiti wa tabia za kima kule Wisconsin, Marekani. Kima wake waliotengwa miezi 6 tangu kuzaliwa walikuwa wakijikumbatia na kuyumbayumba. Mwaka 1972 yeye na mtafiti mwenzake Suomi walieleza jinsi walivyowapa wenzi wa miezi 3: wadogo, wasioshambulia, wanaong'ang'ania tu. Taratibu wakaanza kucheza.

Wadogo! Mimi nilikuwa nimempeleka kwa wababe.

Siku ya 24 nikaazima kwa jirani vifaranga wawili wa siku tano. "Mwanangu, usiwatenganishe usiku," akaniambia. Peke aliwakimbia mchana kutwa, nao wakamfuata kila kona. Usiku wa pili nilifunua boksi polepole: wamejichimbia chini ya bawa lake, mmoja ametokeza mdomo tu. Peke alikuwa akitoa mlio mdogo wa chini, laini, ambao sikuwahi kuusikia kwake. Nilikaa pale nimeshika kifuniko mpaka miguu ikafa ganzi.

Siku ya 33 watatu hao waliingia bandani kwa pamoja. Alidonolewa mara moja, akainamisha kichwa, akasogea pembeni. Yamekwisha.

Jua likizama bado anakuja kwanza kwenye kiatu changu, anakidonoa mara mbili, ndipo anaingia kulala.