Skani ilisema mama yuko sawa, damu ikakataa

Mama yangu ana miaka 71, anakaa Luanda kule Vihiga, mwembamba kama mwiko, hana sukari, bado analima. Hedhi ilimkoma kitambo, mimi nikiwa bado shule. Sasa mwaka jana mwezi wa nane nikaenda nyumbani wikendi nikaona leso zake zimeanikwa nyuma ya jikoni kule kwa ndizi, si kwa kamba ya mbele, na mama si mtu wa kuficha nguo. Nikashika moja, iko na doa limefuliwa likakataa kutoka, rangi ya strungi.

Nikamuuliza. "Ni kidogo tu, inakuja inaenda." Imekuja na kuenda tangu mwezi wa tano! Ati alidhani ujana umerudi. Tulicheka lakini mimi tumbo lilikuwa limeshakaza.

Kliniki ya kwanza (sitaitaja) walimpa dawa za infekshen, siku saba, damu ikakauka wiki mbili hivi ikarudi. Tukafanya papsmia, ikatoka safi, nyumba nzima ikashukuru Mungu. Hapo ndio nilipotelea, juu mimi nilidhani papsmia inaangalia huko kote. Kumbe inaangalia mlango wa kizazi, na shida ikiwa juu ndani ya nyumba ya mtoto mara nyingi inapita bila kuonekana.

Halafu tukafanya skani. Ukuta wa ndani wa nyumba ya mtoto, milimita 3. Daktari akasema ikiwa 4 kushuka chini hakuna shida, huu ni ukavu wa uzee, akampa krimu. Na kusema ukweli huyo daktari hakujitungia, hio milimita 4 ndio kipimo wanafuata, na wamama wengi wakitokwa na damu umri huo inakuwa ni ukavu ama kauvimbe kadogo, wanaopatikana na kansa ni kama mmoja kwa kumi. Tena ile kansa ya kawaida ya nyumba ya mtoto inapenda sana wenye uzito mkubwa na sukari, kwa sababu mafuta ya mwili yanatengeneza homoni inayochochea huo ukuta, na mama ukimuona ni mifupa na bidii tu. Kila karatasi ilisema hana.

Mwezi wa kumi damu ikarudi.

Nikapigia senje, dada ya baba, alikuwa nesi akastaafu. Aliniuliza swali moja tu: "Wamechukua nyama?" Yaani kipande kidogo cha huo ukuta kipimwe maabara. Nikasema hapana, lakini skani iko sawa. Akasema, "Wewe sikia. Skani inapima unene, haisomi nyama. Damu ikirudi tena wachukue nyama, hata huo ukuta ukuwe karatasi."

Nikamleta Kisumu kwa daktari wa wanawake, kijana wa umri wa mdogo wangu. Akamuuliza damu ni kiasi gani, mama akaangalia sakafu akasema daktari, ni kidogo tu. Nilikuwa nimebeba ile leso kwa mfuko wa khaki. Nikaitoa nikaiweka kwa meza. Yule kijana akaikunjua, akaweka kalamu chini, akaanza maswali upya, safari hii ananiuliza mimi na tarehe. Bahati nilikuwa nimeanza kuandika kwa daftari.

Walijaribu kuchukua nyama na kale kamrija kembamba, hapo hapo kliniki. Shida wamama wa umri huo mara nyingi mlango wa kizazi unakuwa umebana, mama alikaza meno na wakapata kidogo sana. Majibu baada ya siku kumi: damu na kamasi, sampuli haitoshi. Dadangu akapiga simu akiwa na furaha, si wamesema hakuna kitu! Ilibidi nimweleze polepole: haitoshi maana yake swali bado halijajibiwa, turudi.

Kurudi sasa ilikuwa vita. Daktari alisema alazwe usingizi, waingize kamera ndogo waone ndani, halafu wakwangue ukuta, ile watu wanaita kusafishwa. Mama akasikia kusafishwa akasimama. "Miaka 71 nisafishwe nini? Nimetoa mimba?" Kwake hio ni kitu ya wasichana. Alikataa wiki mbili nzima. Senje ndiye alikuja mwenyewe na matatu, wakafungiana jikoni, sijui aliambiwa nini, asubuhi mama akatoka amevaa viatu vya kanisa.

Safari hii walipata nyama ya kutosha. Nikapewa chupa ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama isioze, kidole gumba hivi, nipeleke mwenyewe maabara ingine mjini. Nilikaa kwa matatu nimeibana katikati ya magoti kama yai. Kufika, msichana wa kaunta anaangalia chupa, anaangalia fomu, chupa imeandikwa jina la mama la ubatizo na fomu iko na jina la kitambulisho. Akakataa kupokea. Nilikasirika sana lakini alikuwa sawa, majibu ya mtu mwingine si kitu ya kucheza nayo, nikarudi kurekebishiwa. Tangu hapo nasoma chupa kabla niondoke.

Wiki tatu. Waliongeza rangi maalum, moja inaitwa p53, ndio ikaonyesha jina: kasinoma ya serosi. Daktari alieleza ni aina chache, kama moja kwa kumi ya kansa za ukuta wa nyumba ya mtoto, lakini inaua kupita hesabu yake. Hii haingoji homoni wala unene, inaweza kuota kwa ukuta uliozeeka na kuwa mwembamba, kama huo wa milimita 3. Na hata ikiwa ndogo inaweza kuwa imesharuka juu kwa tumbo. Kwa hivyo skani ya CT ya kifua na tumbo kwanza, halafu upasuaji: nyumba ya mtoto, mirija, ovari, tezi, na kipande cha yale mafuta yanafunika matumbo. Pia aliniambia niulize maabara kama wanaweka kile kibloku cha nta chenye nyama, kwa sababu daktari mwingine akitaka kusoma upya ama kuongeza kipimo hakuna haja ya kumkwangua mama tena. Wanaweka. Nilikiomba baadaye, wakapima HER2, protini inayosaidia kuchagua dawa, kwa hicho hicho.

SHA, bima ya afya ya serikali, ilisaidia mahali, mahali ingine tulichanga, hio ni stori ya siku ingine.

Sasa mama ako kemo ya nne kati ya sita, kila baada ya wiki tatu, nywele zimeenda, anavaa kofia ya marehemu baba na anapenda vile inamkaa. Ile ya kusafishwa amenisamehe. Ya leso bado. Kila mgeni akija anamwambia huyu msichana wangu alitoa nguo yangu ya ndani akamwekea kijana wa watu kwa meza, na anataka nimnunulie ingine, tena ya Mombasa, si hizi za Kibuye.